Msaidizi wako kaumwa: unamlipa au unamkata? Ijue hesabu ya siku 126



Leo tunaongelea jambo ambalo wauzaji wengi wa mtandaoni wanalikwepa mpaka siku linapowafika. Ni saa mbili asubuhi, oda kumi na tano zimelala, boda yuko nje anasubiri mizigo. Simu inaingia meseji: "Bosi samahani, leo sitaweza kuja, nimeamka na homa kali."

Unajibu nini? Na mwisho wa mwezi unamlipa nini?

Wengi wetu tunajibu kwa mazoea. Asiyekuja halipwi, tunakata siku. Au tunaona aibu kukata, tunalipa huku tumenuna. Au akiumwa wiki mbili tunatafuta mwingine kimyakimya, na akirudi tunamwambia nafasi imejaa. Njia zote tatu zinatokana na kutokujua, na ya tatu inaweza kukupeleka mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA.

Habari njema ni kwamba sheria ya Tanzania Bara imeweka hesabu iliyo wazi kabisa. Ina mwanzo na ina mwisho. Ukiijua unaweza kuipangia bajeti kama unavyopangia bando na vifungashio. Twende taratibu.

KWANZA: HII SHERIA INANIHUSU MIMI NINAYEUZIA SEBULENI?

Ndiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiulizi kama una fremu Kariakoo au unauzia sebuleni kwako Mbagala. Haiulizi una wafuasi wangapi. Inauliza swali moja tu: una mwajiriwa?

Na hapo ndipo wengi tunapojidanganya. Tunasema "huyu siyo mfanyakazi, ananisaidia tu", au "huyu ni kibarua, namlipa kwa siku". Jina unalompa halibadilishi kitu. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, imeweka vipimo vya kumtambua mwajiriwa. Kimoja kikitimia tu, anahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Vipimo hivyo, kwa lugha ya kwetu, ni hivi:

- Wewe ndiye unayemwelekeza kazi aifanye vipi.
- Wewe ndiye unayempangia saa za kazi.
- Yeye ni sehemu ya biashara yako.
- Amekufanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi mitatu iliyopita.
- Anakutegemea wewe kwa kipato.
- Wewe ndiye unayempa vifaa vya kazi.
- Anafanya kazi kwako peke yako.

Angalia hicho kipimo cha saa 45. Ni saa 45 kwa MWEZI. Binti anayekuja kupaki mizigo siku nne kwa wiki, saa tatu kila siku, anafikisha saa 52 hivi kwa mwezi. Keshavuka. Haijalishi unamlipa kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi.

Vipi kuhusu boda? Boda mwenye pikipiki yake, anayebeba mizigo ya maduka kumi na kukupangia bei yeye kwa kila safari, huyo anafanya biashara yake. Lakini kama pikipiki ni yako, saa za kazi unampangia wewe, na hana mteja mwingine, basi huyo ni mwajiriwa wako hata kama kwenye makaratasi umemwandika "wakala".

Na ndugu je? Mdogo wako au mtoto wa shangazi unayemlipa kwa kazi naye anapimwa kwa vipimo hivihivi. Undugu haumtoi.

PILI: HESABU YENYEWE

Chukua daftari uandike:

Mwajiriwa ana haki ya likizo ya ugonjwa ya angalau siku 126 katika mzunguko wa miezi 36.

Siku 63 za kwanza: mshahara kamili.
Siku 63 zinazofuata: nusu mshahara.

Mzunguko wa miezi 36 ni miaka mitatu ya kazi mfululizo. Siyo kila mwaka siku 126. Ni siku 126 kwa miaka yote mitatu kwa pamoja. Mzunguko mpya ukianza, hesabu inaanza upya.

Siku za mapumziko zinazoangukia ndani ya ugonjwa nazo zinahesabiwa. Akipewa mapumziko ya wiki moja na daktari, umetumia siku 7, hata kama kwako anafanya kazi siku 6 na Jumapili anapumzika. Kwa hiyo siku 63 ni sawa na wiki 9.

Tufanye mfano. Tuseme una msaidizi, tumwite Rehema. Mshahara wake ni Sh 260,000 kwa mwezi, siku 6 kwa wiki. Ili kupata mshahara wa wiki, sheria inagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333. Hapo unapata Sh 60,000 kwa wiki, sawa na Sh 10,000 kwa kila siku ya kazi.

Mfano wa kwanza: Rehema ameumwa malaria, daktari kampumzisha siku 4. Mwisho wa mwezi anapata Sh 260,000 yake yote. Hukati chochote. Kwenye daftari unaandika: zimetumika 4, za mshahara kamili zimebaki 59.

Mfano wa pili: Rehema mwingine, ambaye hajawahi kuumwa tangu umwajiri, kafanyiwa upasuaji na kapewa mapumziko ya wiki 12. Wiki 9 za kwanza unamlipa Sh 60,000 kila wiki, jumla Sh 540,000. Wiki 3 zinazobaki unamlipa nusu, Sh 30,000 kila wiki, jumla Sh 90,000. Yote kwa pamoja ni Sh 630,000. Kama angekuwa kazini angepata Sh 720,000.

Mfano wa tatu, ule unaotutisha wote: ametumia siku zote 126. Wiki 9 kamili ni Sh 540,000, wiki 9 za nusu ni Sh 270,000. Jumla ni Sh 810,000 kwa miaka mitatu.

Hapo ndipo dari lilipo. Zaidi ya hapo sheria haikudai mshahara wa ugonjwa mpaka mzunguko mpya uanze. Ukitaka kumwongezea kwa hiari yako ni sawa, maana sheria inasema "angalau".

Kumbuka pia hesabu zote hizi zinaanzia kwenye mshahara wenyewe, na kima cha chini cha sekta binafsi kimepanda kuanzia 1 Januari 2026. Kiwango kinatofautiana kwa aina ya biashara, kwa hiyo hakikisha kwanza kama mshahara unaolipa umefika kwenye kiwango cha kundi lako. Ukianza na mshahara uliopunjwa, na malipo ya ugonjwa yatakuwa yamepunjwa.

TATU: ED NDIYO TIKETI

Sasa wewe unajiuliza, kwa hiyo mtu akisema tu anaumwa, nalipa?

Hapana. Sheria imekulinda na wewe pia. Mwajiri halazimiki kulipa siku za ugonjwa kama mwajiriwa hakuleta cheti cha daktari. Kwa lugha ya mtaani, ED. Hakuna ED, hakuna lazima ya kulipa.

Lakini ED ina masharti yake:

- Itoke kwa daktari aliyesajiliwa, au mtoa tiba mwingine ambaye wewe mwajiri umemkubali. Na kumkataa kunataka sababu ya msingi, siyo kukomoa tu. Kama mganga wa zahanati ya kata ndiye aliye karibu na Rehema, usimlazimishe aende hospitali ya rufaa kupata karatasi.
- Risiti ya duka la dawa siyo ED. Inaonyesha amenunua dawa, haionyeshi kama amepewa mapumziko.
- Iandike tarehe: anapumzika kuanzia lini mpaka lini. Siku zikiisha na bado anaumwa, arudi kwa daktari apate nyingine.

Jambo lingine, usimlazimishe akutajie ugonjwa. Wewe unachohitaji ni tarehe na uthibitisho kwamba hawezi kufanya kazi. Ukiona ugonjwa umeandikwa, ni siri yake. Usiipige picha hiyo ED ukaiweka kwenye grupu la WhatsApp la duka. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na kumbagua mtu kazini kwa sababu ya VVU, ujauzito au ulemavu kumekatazwa kabisa na sheria ya ajira.

Vipi kuhusu kichwa au tumbo la siku moja, ambalo mtu hafiki hata zahanati? Hapo sheria haikulazimishi kulipa, ila mnaweza kupatana mapema. Kwa mfano: "Siku moja moja bila ED nitakulipa, ila isizidi mara tatu kwa mwaka." Ukiandika hivyo mwanzoni, hakuna ugomvi baadaye. Kumbuka na mtu kupanga foleni hospitali akutafutie karatasi ya siku moja kunamgharimu nauli na nguvu ambayo hana.

NNE: MIEZI SITA YA KWANZA NA VIBARUA WA MSIMU

Mwajiriwa ambaye hajafikisha miezi sita kazini hana haki ya kisheria ya likizo yenye malipo, ikiwemo hii ya ugonjwa. Kwa hiyo uliyemchukua mwezi uliopita akiumwa wiki, kumlipa ni utu wako, siyo lazima.

Lakini usikimbilie kushangilia. Kuna watu wawili wasiobanwa na hiyo miezi sita:

Wa kwanza ni mwajiriwa wa msimu. Huyo anapata likizo yenye malipo hata kama hajafikisha miezi sita.

Wa pili ni yule unayemwita na kumwacha. Umemchukua Januari kwenye msimu wa sare za shule, ukamwacha, ukamwita tena Ramadhani mpaka Idi, ukamwacha, ukamwita tena kuelekea Krismasi. Ukijumlisha vipindi vyote ndani ya mwaka vikazidi miezi sita, ana haki kama mwingine. Ule ujanja wa kumpumzisha mtu wiki mbili ili asifikishe miezi sita haufui dafu hapa.

TANO: MAMBO MANNE TUNAYOYACHANGANYA

1. Likizo ya ugonjwa na likizo ya mwaka. Mwajiriwa ana likizo ya mwaka ya siku 28 zenye malipo. Hiyo ni ya kupumzika. Akiumwa siku 10, huwezi kumwambia "hizo nakata kwenye likizo yako". Sheria imekataza likizo ya mwaka kutumika badala ya likizo nyingine anayostahili. Kila moja na daftari lake.

2. Kuumwa yeye na kuumwa mtoto wake. Mtoto akiumwa, hapo siyo siku 126. Kuna angalau siku 4 zenye malipo, katika mzunguko uleule wa miezi 36, kwa ajili ya mtoto kuumwa au kufariki, au kufiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Zikiisha, mnaelewana siku bila malipo.

3. Ugonjwa wa kawaida na kuumia kazini. Rehema kateleza stoo na maboksi yamemwangukia mguu, au boda uliyemwajiri kagongwa akipeleka mzigo. Hilo ni la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kila mwajiri wa sekta binafsi Tanzania Bara anatakiwa ajisajili huko, na mchango ni asilimia 0.5 ya mishahara, unaulipa wewe, siyo wa kumkata mfanyakazi. Kwa mshahara wa Sh 260,000 ni Sh 1,300 kwa mwezi. Ni chini ya nauli ya boda ya mzigo mmoja. Ajali ikitokea, toa taarifa WCF mapema, usisubiri apone.

4. Mshahara na bili ya hospitali. Haya tunayoongelea hapa ni mshahara wa siku ambazo hayupo kazini. Ukimchangia dawa, huo ni msaada wako. Usije baadaye ukaukata kwenye mshahara wa ugonjwa bila yeye kukubali kwa maandishi.

SITA: KUMFUKUZA MGONJWA NDIYO HASARA KUBWA

Tuseme Rehema kapewa ED ya mwezi. Wewe wiki ya pili umeshachoka, umeleta mtu mwingine, unamwandikia: "Dada pole, ila kazi haiwezi kusubiri, tafuta sehemu nyingine."

Meseji hiyo ni ushahidi. Kwa mwajiriwa aliyefikisha miezi sita, kumwachisha kazi kunahitaji sababu halali na utaratibu wa haki. Kuugua kwa muda siyo sababu. Hata ugonjwa ukiwa mrefu, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinakutaka uangalie kwanza: ugonjwa umetokana na nini, ni wa muda au wa kudumu, ana uwezo kiasi gani, na kama unaweza kumpa kazi nyepesi. Halafu ukae naye umsikilize. Kumwachisha ni hatua ya mwisho, baada ya hayo yote kushindikana.

Yeye ana siku 30 za kupeleka malalamiko CMA tangu alipoachishwa. Huko fidia inahesabiwa kwa miezi ya mshahara. Weka pembeni hiyo Sh 30,000 ya nusu mshahara wa wiki uliyoona ni nyingi, halafu fikiria kulipa mshahara wa miezi kadhaa kwa mkupuo, pamoja na siku ulizofunga duka ukienda kusikilizwa.

Unamhitaji mtu wa kushika nafasi? Mchukue, hakuna anayekukataza. Ila mwambie ukweli na muandikishane: "Unamshikia Rehema mpaka atakaporudi kazini." Wote wawili wajue.

SABA: HELA INATOKA WAPI?

Hili ndilo swali la kweli. Biashara zetu ni ndogo, na mwezi mbaya ukija hata mshahara wa kawaida unasumbua.

Turudi kwenye dari letu la Sh 810,000 kwa miaka mitatu. Gawa kwa miezi 36, unapata Sh 22,500 kwa mwezi. Kama unatoa oda 15 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hizo ni oda 390. Sh 22,500 ukiigawa kwa oda 390 unapata kama Sh 58 kwa kila oda.

Shilingi hamsini na nane. Hiyo ndiyo gharama ya kumlipa Rehema kwa kiwango cha juu kabisa cha sheria, hata akiugua mpaka siku ya 126. Mifuko ya kufungia mzigo inakula zaidi ya hapo. Na watu wengi hawafiki hata robo ya siku hizo, kwa hiyo akiba inabaki na inakusaidia kumlipa wa kushika nafasi.

Fanya hivi: fungua kibubu kwenye simu yako, au akaunti ndogo tofauti na ile ya lipa namba. Kila Jumamosi ukifunga hesabu, toa Sh 5,500 weka humo. Usiiguse kununua mzigo, hata mzigo uwe wa ofa kiasi gani. Kama mshahara wa mtu wako ni tofauti na wa Rehema, kokotoa hivi: mshahara wa wiki mara 13.5, gawa kwa 36. Hiyo ndiyo ya kuweka kila mwezi.

Na usisahau gharama ya upande wa pili. Mtu anayejua akiumwa anakatwa, anakuja kazini akiwa anaumwa. Kama unauza karanga, achari, viungo au keki, mwenye tumbo la kuhara ndiye anayekupakia chakula cha wateja. Kama unauza nguo, mwenye homa ndiye anayeandika anwani za mizigo, na wa Mwanza anapokea mzigo wa Mbeya. Unajua mwenyewe mteja mmoja aliyeudhika anavyoweza kukuchafua kwenye komenti.

NANE: FANYA HAYA WIKI HII

Moja. Andika mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Jina lake, umri, anwani, kazi yenyewe, siku aliyoanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, mshahara na unavyokokotolewa. Wote mtie sahihi, kila mtu abaki na nakala. Ni lazima kisheria, na mkifika kwenye mgogoro bila karatasi, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako.

Mbili. Ongeza mstari wa ugonjwa. Unaweza kuandika hivi: "Mfanyakazi akiumwa atatoa taarifa kwa simu au meseji kabla ya saa mbili asubuhi, yeye au ndugu yake. Ataleta ED ndani ya siku tatu. Malipo ya siku za ugonjwa yatafuata sheria."

Tatu. Fungua ukurasa wa daftari kwa kila mtu. Safu nne zinatosha: tarehe ya kuanza kuumwa, tarehe ya kurudi, siku zilizotumika, siku zilizobaki. ED zenyewe zitunze kwenye bahasha, siyo kwenye droo ambayo kila mtu anafungua. Kumbukumbu za mfanyakazi zinatunzwa mpaka miaka mitano baada ya yeye kuondoka.

Nne. Jiandae na siku ambayo hayupo. Biashara nyingi za mtandaoni zinasimama kwa sababu vitu vyote viko kichwani kwa msaidizi. Je, unajua nywila ya ukurasa wako wa Instagram? Simu ya WhatsApp ya biashara inalala kwako au kwake? Ukiingia stoo unajua viatu namba 38 viko wapi? Bandika orodha ukutani, na kila jioni akutumie picha ya oda zilizobaki.

Tano. Andaa meseji mbili mapema, usije ukaandika kwa hasira.

Kwa msaidizi: "Pole sana Rehema. Wahi hospitali kwanza, kazi isikuumize kichwa. Ukishaonwa na daktari nitumie picha ya ED nijue umepewa siku ngapi. Mshahara wako upo. Ugua pole dada."

Kwa wateja: "Ndugu mteja, leo tuna upungufu wa mtu, oda za leo zitatoka kesho kabla ya saa sita mchana. Ukihitaji leo leo, niambie tupange boda. Asante kwa uvumilivu."

Hiyo ya wateja haitaji jina wala ugonjwa wa mtu.

MASWALI AMBAYO TUNAJUA MTAULIZA

"Nimeona posti inasema ni siku 7 kamili na siku 7 za nusu. Ipi kweli?" Hiyo ni ya Kenya. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa angalau siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu kwa kila miezi 12, baada ya miezi miwili ya kazi. Kama uko Nairobi au Mombasa, anza na hiyo. Zanzibar nao wana sheria yao ya ajira. Haya ya siku 126 ni ya Tanzania Bara. Kabla ya kufuata posti yoyote, angalia inaongelea nchi gani.

"Nikigundua ED ni ya kughushi?" Usimtukane wala usimfukuze kwa simu. Thibitisha na kituo kilichoitoa kama ni yao, bila kuulizia ugonjwa. Ikionekana ni feki, hilo ni kosa la nidhamu: mwandikie tuhuma, mpe nafasi ajieleze, ndiyo uamue.

"Anaumwa kila Jumatatu." Omba ED kila mara, weka kwenye daftari, kisha kaa naye umuulize kwa upole. Labda ni uvivu, labda kuna tatizo la afya linalojirudia. Ukiwa na daftari unaongea na tarehe, huongei na hisia.

"Nina mtu mmoja tu, nikimlipa akiwa kitandani na nikalipa wa kushika nafasi, nafunga biashara." Ndiyo maana ya ile Sh 22,500 kwa mwezi. Kama hujaanza, anza Jumamosi hii. Na kama tayari kaumwa na kibubu ni kitupu, kaa naye mzungumze, mpange tarehe za kulipa, muandikishane na wote msaini. Deni lililoandikwa linalipika. Ukikaa kimya, ndipo anapoenda CMA.

Kama una swali kuhusu mtu wako, Ofisi ya Kazi ya mkoa wako wanaelekeza, na afisa kazi anakujibu hata wewe mwajiri. Siyo ya wafanyakazi peke yao.

Haya, piga hesabu ya mtu wako leo: mshahara wa wiki mara 13.5, gawa kwa 36. Ukipata namba yako, iandike hapo kwenye komenti tuone nani kaanza kibubu. Hifadhi posti hii, na mtumie muuzaji mwenzako aliyeajiri msaidizi wake wa kwanza mwezi huu.

Biashara njema, na wanaoumwa wote tunawaombea wapone haraka.